Mtoto akishamaliza kidato cha nne, nani mwenye neno la mwisho?

Jamani habari zenu. Kijana wangu ameingia mwaka wa mwisho pale Chuo cha Ufundi Arusha, diploma ya umeme, levo ya 6, na furaha yenyewe haijanitoka mama mmoja wa Pasua kule Moshi kanitumia ujumbe mrefu kweli. Binti yake katoka na matokeo mazuri tu ya fomu foo, baba anataka fomu faivu asome PCB, yaani fizikia, kemia na bios (biolojia), bibi anataka PCB, binti mwenyewe hataki hata kuisikia bios. Ananiuliza, dada, we uliwezaje kumwachia wako aende ufundi? Nikaona niandike kabisa maana najua hayuko peke yake, wote tunataka watoto wetu wafike mbali kuliko tulipofika sisi.

Mtoto mdogo anachosha mwili lakini maamuzi yake ni mepesi. Ale nini, alale saa ngapi, avae sweta maana baridi ya Arusha ya mwezi wa saba mnaijua. Leo umekosea, kesho unarekebisha. Huyu wa miaka 16 ndo kazi, unaamua leo majibu yanakuja baada ya miaka, hapo katikati hakuna wa kukwambia umepatia au umeharibu, na mwenyewe ana hoja zake tena zingine zina akili kuliko za kwako. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema chini ya miaka 18 ni mtoto, sawa, ila kaa naye mezani uone.

Wa kwangu alipata B ya fizikia, hesabu C, kemia C, bios C. Kwa upande wa ukoo wa baba yake hapo hakuna cha kujadili, ni PCB halafu udaktari. Lakini huyu mtoto tangu shule ya msingi ni mtu wa nyaya. Kipindi yuko nyumbani anasubiri matokeo, pampu ya maji ya jirani yetu hapa Sakina ikagoma, inaunguruma tu haizunguki, fundi akaja akasema imekufa inunuliwe nyingine. Kijana akaomba aiangalie. Akazima umeme, akafungua kile kiboksi cha pembeni, akanionyesha kapasita imevimba upande mmoja, akaenda mjini na ile mbovu mfukoni ili wampe ya aina ileile, jioni maji yakapanda kwenye tenki. Jirani akampa hela ya soda, yeye hana habari na hela, amechuchumaa pale anaisikiliza pampu inavyozunguka. Mi nikajua hapohapo, huyu sio wa PCB.

Pasaka tukapanda Marangu. Baada ya chakula shemeji yangu mkubwa akasimama mbele ya watu wote, wifi zangu, mama mkwe, watoto, akasema ukoo huu haujaishiwa kiasi cha mtoto kwenda kuwa fundi wa kuning'inia kwenye nguzo, na kwamba mama yake ndo anamdekeza. Nilikuwa nagawa mtori, sikujibu. Yananiuma mpaka leo, sifichi, na shemeji akiyakuta haya ayasome tu.

Tuliporudi tukakaa watatu, mimi, baba yao na kijana. Akachukua daftari langu la madeni la dukani, akafungua nyuma, akapiga mstari katikati. Huku fomu faivu na siksi, miaka 2, ada serikali ilifuta tangu 2022 kwa hiyo ni michango na vifaa vya bweni, afu ndo chuo kikuu. Huku ufundi, miaka 3, ada tunalipa wenyewe, ila akitoka ana diploma mkononi na GPA, yaani wastani wa alama zake za chuo, ikianzia 3.0 anaweza kuomba digrii. Yaani alikuwa ameshafanya kazi yote ambayo sisi wazazi tulikuwa tunaifanya kwa kelele. Baba yao akauliza kitu kimoja tu, na ukishindwa huko? Akajibu, baba, hicho ndo ninachokiweza. Baba yao akasema nipe muda. Alikaa nalo siku kadhaa bila kusema neno, siku moja asubuhi anavaa viatu akasema, aende.

Mambo ya fomu na kuhangaikia ada nayaruka. Siku walipopelekwa Kikuletwa kule Hai, kwenye kile kituo cha zamani cha umeme wa maji ambacho chuo kinafundishia, alinipigia kwa sauti kubwa, mama, nimeingia ndani kabisa! Nilifunga duka kidogo nikalia.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, msikilize mtoto. Sijasema mpe kila anachotaka. Binti yangu wa kidato cha pili anadai simu yake mwenyewe, nimekataa na nitaendelea kukataa, laini itasajiliwa kwa NIDA yangu, akitapeliwa au akimtukana mtu huko anayetafutwa ni mimi. Ndo ninavyopima sasa hivi. Kitu atakachoishi nacho yeye miaka yote, yeye aongee sana na wewe uongee kidogo. Kitu kikiharibika mnabeba nyumba nzima, hapo mzazi ndo mwenye neno. Na tuwaombee, tusichoke, tusiwaozeshe watoto ndoto zetu tulizozikosa sisi.

Mama wa Pasua, tahasusi, yaani michepuo ya masomo ya fomu faivu kama hiyo PCB, sio zile 16 za zamani, tangu 2024 zimefika 65, kwa hiyo kukataa bios sio mwisho wa dunia. Mchukue binti mpitie orodha yote kabla hajagusa Selform ya TAMISEMI, ile fomu ya mtandaoni ya kuchagua tahasusi na shule au chuo, na ajaze mwenyewe, usimwachie kijana wa steshenari ajaze huku anahudumia wateja wengine, paswedi abaki nayo binti. Baba yake ongea naye mkiwa wawili, bibi asiwepo. Akigoma kabisa nitumie namba yake, baba watoto wangu amesema atampigia waongee wenyewe wanaume.