Stelingi ya Land Rover ya babu inacheza

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Land Rover Series III ya babu, nikitoka Pangani kuja Tanga nageuza stelingi weee ndo tairi zinasikia, afu inarusha balaa. Ninunue boksi mpya ya stelingi?

JIBU: Marahaba. Boksi iache kwanza, wengi wanakimbilia huko hela inaenda bure. Mtu azungushe stelingi kushoto kulia we uko chini umeshika tairodi endi, vile viungio vya kwenye ncha za fimbo za stelingi, moja moja, ziko sita, inayocheza mkononi badilisha, na rilei, kile kiungo kinachopokeza mzunguko wa stelingi kuupeleka kwenye tairi, iko ndani ya krosimemba ya mbele (chuma kilichokingama kwenye chesisi), cheki kama ina oili, hiyo ndo husahaulika. Huko kurusha sasa, springi zako nahisi kutu ya pwani imegandisha vile vyuma bapa haviteleziani tena, fungua, piga brashi ya waya, paka grisi, weka bushi mpya, zile mpira za kwenye ncha za springi, ila bolti zake kaza gari ikiwa imesimama kwa matairi, sio juu ya jeki. Alaimenti, yaani kunyoosha tairi, mwisho.