Jibu: Misuli kurukaruka na ganzi, lakini vipimo ni safi

Pole sana dada yangu. Umesema vigimbi vinachezacheza usiku, vidole vina ganzi, picha ya MRI ya kichwa imetoka safi, na bado unaogopa kuna ugonjwa mkubwa umejificha. Nimepitia hayo miezi minane. Nilikuwa najifunika shuka gubigubi, simu mkononi, nasoma mpaka adhana ya alfajiri, na kila nikisoma, msuli mwingine unaanza kuruka.

Picha safi ya kichwa ni habari njema, ila haimalizi maswali. Ganzi mara nyingi hutoka kwenye mishipa ya fahamu ya mikono na miguu, ambayo picha hiyo haiionyeshi. Je, umepimwa sukari, tezi ya shingo na vitamini B12? Kama unatumia metformini (dawa ya kisukari) kwa muda mrefu, mwambie daktari, maana inaweza kushusha B12. Yangu ilikutwa chini.

Misuli kurukaruka bila kupungua nguvu kwa kawaida si dalili ya hatari. Hofu, kahawa na kukosa usingizi huichochea. Lakini ukianza kuburuta mguu, mdomo ukienda upande, au ukishindwa kuzuia mkojo, nenda hospitali mara moja.

Andika kwenye daftari: saa, mahali, imechukua muda gani, ulilala kiasi gani. Daktari alisoma kurasa zangu mbili akaniuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Na hiyo hofu itibiwe sasa, isingoje majibu. Simu yangu siku hizi inalala sebuleni.