Muulize Fundi: Breki iliyokufa Lanet, pedeli ya Kondele na fremu ya Kakamega

Fundi, pokea salamu kutoka Lanet, Nakuru. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na wikendi napanda Menengai kwa baiskeli ya milimani niliyonunua mtumba: tairi za inchi 29, shoki mbele, breki za diski za mafuta. Breki ya nyuma ilipoanza kulegea niliipeleka duka moja mjini. Wakanirudishia ikiwa kali ajabu. Siku chache baadaye mpini wa breki ukawa haurudi, na pedi zinasugua diski hata nisipofunga breki. Niliporudi dukani nikaambiwa breki imekufa, nilete shilingi 9,000 niwekewe nyingine. Isitoshe, tairi la nyuma nililoacha na meno mazuri lilirudi likiwa kipara, nao wanasema ndivyo lilivyokuja. Hapa Nakuru niamini duka gani?
*Mwalimu, Lanet*

Pole, Mwalimu. Jina la duka sitakupa, na si kwamba naogopa kushtakiwa. Ubao ulio juu ya mlango hubaki ule ule, lakini fundi aliyekuwa ndani mwaka jana leo yuko Naivasha anaendesha boda. Unachotafuta wewe ni fundi, na namna ya kumtambua nitakueleza. Ila kwanza tumalize habari ya breki.

Dalili zako zinanuka mafuta yasiyo yake. Breki za baiskeli hutumia mafuta ya aina mbili zisizopatana kamwe: DOT, yaani ya jamii ile ile ya breki za gari, na mafuta ya madini. Watengenezaji wa breki kama Shimano na Tektro wanataka ya madini. Nyingi za SRAM, hasa za miaka ya nyuma, zinataka DOT. Ndani ya mpini mna pistoni yenye ringi ya mpira, na mpira uliotengenezewa mafuta ya madini ukikutana na DOT hufura. Siku za kwanza breki huwa kali, kwa kuwa hewa imetolewa na mpira bado haujaharibika. Baadaye pistoni inabana, mpini unakwama, pedi zinang'ang'ania diski. Sijaifungua breki yako, kwa hiyo siapi, lakini ulivyoieleza ndivyo hasa inavyokwenda.

Usiende kugombana kabla hujahakikisha. Kwenye mpini kuna kitangi kidogo chenye kifuniko, na mara nyingi juu yake pameandikwa aina ya mafuta. Kisome. Halafu fungua skrubu zake, vuta tone moja kwa bomba la sindano ya dawa lisilo na ncha, na ulidondoshe kwenye glasi ya maji. Mafuta ya madini yataelea juu, utayaona yaking'aa. DOT huchanganyika na maji. Ukikoroga kidogo hulioni tena tone lako. Glasi hiyo isirudi jikoni, na hakikisha tone haligusi fremu, maana DOT hula rangi.

Kifuniko kikisema madini na tone likapotea majini, rudi dukani na uulize swali moja tu: "Mlitia mafuta gani? Nionyesheni chupa." Wakitoa chupa ya mafuta ya breki za gari, zile za petroli stesheni, breki hiyo ni yao kulipa. Shimano hawauzi zile ringi za ndani peke yake, kwa hiyo dawa ni kubadilisha breki nzima. Basi waliposema imekufa hawakudanganya. Walichonyamazia ni nani aliyeiua.

Na kwa mtu wa Menengai hilo si la kuchekea. Ukingo wa juu wa kreta uko mita 2,278 kutoka usawa wa bahari, na mji uko karibu mita 1,850. Hizo ni zaidi ya mita 400 za kuteremka kwenye vumbi na kokoto, ukitegemea kidole kimoja juu ya mpini.

Sasa tuje kwa fundi. Kosa la wengi ni kutafuta mmoja wa kufanya yote. Nusu ya baiskeli yako babu yako angeielewa: magurudumu, gololi, cheni, pedeli. Nusu ya pili, yaani mafuta ya breki na shoki, ni kazi nyingine kabisa na inataka vifaa vyake.

Kwa nusu ya kwanza, achana na maduka ya vioo. Nenda kwa wazee wa chini ya mti, wale wa Black Mamba, baiskeli zile nzito za chuma. Upande wa Njoro yuko mmoja ninayempelekea magurudumu yangu mwenyewe, ingawa nami nimelelewa kwenye kazi hii, nikimshikia mjomba spana sokoni Luanda. Mzee huyu huipindua baiskeli ikae kwa kiti na usukani. Kabla ya lolote hulitikisa gurudumu kushoto na kulia, kwa sababu habu, yaani kitovu cha gurudumu, ikiwa imelegea utanyoosha rimu hadi giza liingie na usipate kitu. Kisha huegemeza kidole gumba kwenye fremu, ukucha ukikaribia kugusa rimu, analizungusha na kusikiliza. Ukucha unapokwaruza ndipo penye kasoro. Baada ya hapo hugonga spoki moja moja, tin, tin, ton, na ile ya ton ndiyo iliyolegea. Anazungusha nipeli, ile nati ndogo ya spoki, robo, halafu robo kwa jirani yake wa upande wa pili, anazungusha gurudumu tena. Haharakishi. Ukisimama pale ukiangalia saa, atakuambia uende sokoni urudi.

Siku moja nilimpelekea baiskeli ya mgeni wangu yenye breki za mafuta kama zako. Aliinama, akaitazama, akapangusa mikono kwa kitambaa. "Hii siijui, mwanangu. Wapelekee vijana." Angeweza kujaribu, na mimi nilikuwa tayari kulipa. Tangu hapo akiniambia habu imekwisha, natoa pesa ya habu bila kuhoji.

Hicho ndicho kipimo changu, Mwalimu, na sijaona kinachokishinda. Mpe fundi kazi ambayo unashuku haiwezi, umsikilize. Asiyewahi kukuambia "hii siijui" au "kifaa chake sina" mwogope, hata kama duka lake lina vigae.

Kwa nusu ya pili, usimwulize mtu kama anaweza. Atasema ndiyo, nani hukataa kazi mwezi wa Januari? Mwulize atatia mafuta gani. Aliye mzuri hatajibu kabla hajainama kusoma kifuniko. Mwombe akuonyeshe mabomba na mirija ya kublidi, yaani kutoa hewa kwenye mafuta, ya aina ya breki yako, na utazame kama anatoa pedi kabla ya kuanza, kwa sababu tone moja la mafuta likiingia kwenye pedi zitapiga kelele na kukataa kushika. Kwa shoki, mwulize mara ya mwisho kufungua miguu ya chini na kubadilisha mafuta ilikuwa lini. RockShox, watengenezaji wa shoki, wanataka hiyo ifanywe kila baada ya saa 50 za kuendesha, na wanaoandika hivyo hawajawahi kula vumbi letu. Ukizoea kuteremkia Elementaita kupitia Kariandusi, ule unga mweupe ni diatomaiti, kitu ambacho viwandani hutumika hata kung'arishia vyuma. Fikiria unafanya nini ndani ya sili za shoki. Fundi akikuambia shoki haihitaji kuguswa mpaka ivuje, mshukuru na uondoke na baiskeli yako.

Watu hawa utawapata kwa waendeshaji wenzako. Jumapili asubuhi, kabla hamjapanda, tafuta mwenye baiskeli kuukuu isiyopiga kelele. Mwenye baiskeli mpya hana la kukufunza, yake ingenyamaza hata bila fundi. Huyo wa kuukuu mwulize nani anamtengenezea. Halafu mwulize kama aliwahi kumrudia fundi huyo na malalamiko, na alipokelewaje. Jibu la swali hilo la pili lina uzito kuliko sifa zote.

Ukimpata, anza na kazi ndogo, tena ile ambayo wewe mwenyewe unajua jibu lake. Mimi hutumia cheni. Wewe ni mwalimu, rula huikosi. Tumia upande wa inchi, uweke sifuri katikati ya pini moja ya cheni na uhesabu pingili 12 kamili, yaani ya nje na ya ndani pamoja kuwa pingili moja. Cheni mpya hufika inchi 12 kamili. Ikipita kwa inchi 1/16 ni wakati wa kuibadilisha, hasa kama kaseti yako, yale meno ya nyuma, ni ya gia 11 au 12. Ikipita kwa 1/8 umechelewa, na kaseti nayo huenda imeshaliwa meno. Pima nyumbani, unyamaze, kisha mpelekee fundi umwulize cheni ikoje. Akikuambia ubadilishe cheni, kaseti na meno ya mbele pamoja wakati rula yako imesoma 12 kamili, umemjua kwa gharama ya nauli peke yake.

Kuhusu tairi lako, sina la kukufariji. Huna picha, huna ushahidi. Kuanzia leo, kabla hujaiacha baiskeli popote, ipige picha mbele ya fundi mwenyewe: tairi zote mbili, kaseti, pedeli, kiti, na nambari iliyochongwa chini ya fremu karibu na krenki, ile mikono inayobeba pedeli. Fanya hivyo waziwazi. Fundi mwaminifu hakasiriki, na yule mwingine anapata ujumbe. Mwambie pia kwamba spea yoyote kuukuu itakayotolewa unaitaka urudi nayo. Pesa ya spea usimwachie, nendeni pamoja dukani au ununue mwenyewe. Ya kazi mlipe kwa M-Pesa, ibaki kwenye simu tarehe na kiasi.

Hujambo Fundi. Binti yangu ana baiskeli ndogo ya milimani anayoendea shule hapa Kisumu. Pedeli ya kushoto inatoka kila mara. Fundi mmoja aliikaza kwa nguvu, ikatoka. Wa pili anataka kuichomelea. Nimkubalie?
*Mama wa Kondele*

Usimkubalie, dada. Pedeli ya kushoto hufungwa kinyume: unaizungusha kuelekea kushoto ndipo inakaza. Kwenye ncha ya ekseli yake utaona herufi L, na ya kulia ina R. Huenda mtu aliweka ya kulia upande wa kushoto, au aliilazimisha kinyumenyume, akala meno ya tundu la krenki inapofungwa pedeli. Krenki hiyo ya alumini haitashika tena pedeli yoyote. Kuchomelea hakusaidii: pedeli ni chuma, krenki ni alumini, na beringi zilizo ndani zitaungua.

Nunua krenki ya kushoto peke yake. Baiskeli nyingi za watoto zina lile tundu la pembe nne, na spea hiyo ni ya kawaida. Beba ile mbovu uilinganishe kwa urefu. Kisumu ndiyo mahali pa mwisho mtu kukosa krenki, mji uliobebwa na boda za baiskeli miaka mingi kabla pikipiki hazijaingia. Jaribu Kibuye siku ya Jumapili. Na huyo aliyeikaza kwa nguvu asiiguse tena hata kwa pancha.

Fundi, fremu yangu ya alumini imepata ufa chini ya kiti, pale nguzo ya kiti inapoingia. Jamaa wa jua kali hapa Kakamega anasema kwake hiyo ni kazi ya dakika kumi.
*Kijana wa Kakamega*

Ndugu yangu, dakika kumi zake zitakuangusha kwenye mteremko. Kwanza hakikisha ni alumini kweli: weka sumaku. Ikinata ni chuma, na chuma jamaa wa jua kali anachomelea vizuri, mpe kazi. Isiponata, mwache. Fremu ya alumini hupikwa kiwandani baada ya kuungwa ili ipate ugumu wake, na moto wa kuchomelea unaondoa ugumu huo pale pale penye mzigo. Ufa wa leo utazibika, kisha fremu itapasuka sentimita mbili kando yake.

Ufa wa mahali hapo kwa kawaida husababishwa na nguzo ya kiti iliyovutwa juu kupita alama. Kabla ya kununua fremu nyingine ya mtumba, toa nguzo yako usome kipenyo kilichochongwa karibu na mwisho wake, 27.2, 30.9 au 31.6, na uende na nambari hiyo mfukoni. Nguzo iliyo nyembamba kuliko tundu lake usiifunge kwa kipande cha kopo la soda, hata muuzaji akikuapia.