Gobore nyuma ya mlango: majibu yangu kwenu

Nilipoandika kwamba kila mwenye gobore lisilo na leseni alisalimishe polisi, meseji zilimiminika kutoka Kilwa mpaka Nanyumbu. Wengi mmenikasirikia. Nawajibu wachache.

Shikamoo kaka. Tembo wamelala kwenye mihogo yangu ekari mbili, nguruwe wamemaliza mahindi. Halafu sheria inataka gobore langu. Inamlinda nani? (Mkulima, Liwale)

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Ekari mbili za mihogo ni chakula cha nyumba nzima.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimkatazi mkulima kumiliki bunduki. Inataka ajulikane: maombi yanaanzia kijijini, yanapanda ngazi hadi polisi. Ninacholaumu ni safari yenyewe. Mtu wa kijiji cha ndani anapanda pikipiki mara nne kwenda wilayani, anaambiwa arudi wiki ijayo, mwishoni anaamua kubaki na gobore lake uvunguni. Hapo serikali inajitengenezea silaha haramu kwa mikono yake, na nitalisema hilo kila nikipata nafasi.

Lakini gobore nalijua. Mjomba wangu wa Newala alikuwa nalo, mtutu wake kipande cha bomba. Alimimina baruti, akashindilia katani kwa kijiti, akatia vipande vya nondo, kisha fataki ya kuiwasha baruti. Usiku mmoja alikwenda kulinda mihogo, mtutu ukapasukia nyuma. Mimi ndiye niliyeshika kibatari wakati shangazi anamfungua kanga mkononi. Vidole viwili havikuwepo. Nguruwe walirudi kesho yake.

Kwa tembo ndiyo kabisa usithubutu: gobore litamjeruhi tu, na tembo aliyejeruhiwa atamuua jirani yako. Waite askari wa wanyamapori, na zungushieni shamba kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu. Ni kazi ya watu wengi, mmoja peke yake haiwezi.

Jambazi haombi leseni. Sheria inawafunga mikono watu wema tu. (Tandahimba)

Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote, na sitaipita juujuu. Tarehe 13 Aprili 2017, pale Jaribu, Kibiti, askari polisi wanane waliuawa kwa kuviziwa barabarani, na wauaji wakaondoka na bunduki zao. Wengi wetu tulikuwa tukipita barabara hiyo kwenda Dar roho mkononi. Hakuna fomu ya kijiji ambayo ingewazuia wale watu.

Ila jiulize bunduki ya jambazi inatoka wapi. Bunduki za kivita hazifuliwi na wahunzi wetu. Zimetoka kiwandani kihalali, zikaibwa, zikauzwa kwa siri au zikabaki baada ya vita. Sisi wa ng'ambo hii ya mto Ruvuma tunalijua hilo: vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Msumbiji viliisha mwaka 1992, lakini silaha hazikuisha siku hiyo, na tangu 2017 jimbo lao la Cabo Delgado linawaka tena. Kwa hiyo sheria inayomgusa jambazi ni ile ya maghala, ya namba kwenye kila bunduki, ya mpakani. Bunduki yenye namba ikiibwa nyumbani kwako, ikaja kukamatwa Masasi, polisi wana pa kuanzia. Lako lisilo na namba likiibwa, hata kuripoti unaogopa.

Marekani bunduki ni nyingi kuliko watu. Kwa nini bado wanabishana kama sheria inasaidia? (Mwanafunzi, Mtwara mjini)

Kwa sababu wanauliza "sheria" kana kwamba ni kitu kimoja. Katiba yao ina kifungu cha mwaka 1791 kuhusu haki ya kubeba silaha, na kila jimbo lina sheria zake. Bunduki inanunuliwa jimbo lenye sheria legevu, inavuka kwa gari hadi lenye sheria kali. Hata hivyo yapo ya kujifunza. Jimbo la Missouri lilifuta kibali cha kununua bastola mwaka 2007. Watafiti wakaona mauaji ya bunduki yanapanda. Australia, baada ya mtu mmoja kuua watu 35 mwaka 1996, ilinunua kutoka kwa raia bunduki takriban 650,000 na kuziharibu. Wapinzani wanasema mauaji yalikuwa yanashuka tayari, na ni kweli. Lakini waliojiua kwa bunduki walipungua sana.

Hapo ndipo ninapotaka mtazame. Huko Marekani zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa bunduki wamejiua wenyewe. Na miongoni mwa sheria zenye ushahidi mzuri zaidi ni ile inayomtaka mwenye bunduki aifungie kwa kufuli ili mtoto asiifikie. Jambazi ni mgumu kumzuia. Mtoto wa miaka sita, mume aliyerudi amelewa, kijana aliyekata tamaa saa nane za usiku, hao kufuli linawazuia. Hawa ndio ninaowapigania, hata mkinikasirikia.

Watu wanauana kwa panga. Tutazuia na panga? (Lindi)

Hapana. Panga linalima, na mwenye panga unaweza kumkimbia.

Baba amefariki, tumekuta gobore nyuma ya mlango wa chumbani. Naogopa kulipeleka, nitaulizwa. (Mama wa watoto watatu, Mikindani)

Pole kwa msiba, mama. Usilishike. Gobore linaweza kukaa limeshindiliwa miaka, na fataki ikigongwa, linalia. Watoe watoto, funga chumba, mwite mwenyekiti wa mtaa, naye awaite polisi waje wenyewe kulichukua. Usilibebe kwenye bodaboda. Waeleze kama ulivyonieleza mimi: la marehemu, mmelikuta, mnalikabidhi. Omba waandike, nawe ubaki na nakala. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba kila mwaka kuwa wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu, lakini usisubiri Septemba ukiwa na watoto watatu ndani. Ukiona vigumu kumfuata mwenyekiti peke yako, nijulishe, nitakusindikiza.