Muulize Bi Nesi: Picha ya dripu isiyofunguliwa

SWALI: Shikamoo Bi Nesi. Mimi ni mweka hazina wa klabu ya huduma hapa Mombasa. Kwa miaka 19 tumekuwa bega kwa bega na shirika la hisani linalogharamia utafiti wa magonjwa ya watoto. Kila mwaka tunafanya matembezi kutoka Fort Jesus hadi Mama Ngina, akina mama wanauza viazi karai na maji ya ukwaju, na kinachopatikana chote tunawapelekea. Mwaka huu wanachama wapya wamekuja juu. Wanataka tununue vitanda vya wodi, tupige picha, kuliko kutoa pesa zikapotelee maabara. Mmoja akanisimamia mbele ya watu: “Miaka 19 tumemponya mtoto gani? Mtaje jina.” Nikakosa la kusema. Nimjibu nini?
Mweka hazina, Tudor

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo msimkasirikie, kuuliza pesa zimekwenda wapi ni haki yake. Alipokosea ni kudai jina. Mtoto aliyeokolewa na utafiti hajijui, na mamake hajui.

Nikuhadithie. Nilifanya kazi wodi ya watoto miaka 31. Mtoto akiletwa usiku na homa kali, amelegea, mikono na miguu imepoa, ukimbonyeza ukucha weupe unakawia kuondoka, sote tulijua la kufanya. Unatafuta mshipa, na ukishaupata unafungulia dripu ikimbie. Kile kijigurudumu cha plastiki kwenye mpira unakisukuma juu kabisa, na maji kwenye chupa unayaona yakishuka kwa macho. Ndivyo tulivyofundishwa. Na mama aliyesimama kando, kanga ameiuma meno, akiona maji yanaingia alipata matumaini. Nasi pia.

Mwaka 2011 yakatoka matokeo ya utafiti ulioitwa FEAST, uliofanywa katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, ukiongozwa na Daktari Kathryn Maitland wa pale Kilifi. Watoto 3,141 wa namna hiyohiyo niliyokueleza. Wengine walimiminiwa maji mengi kwa haraka, wengine wakapewa taratibu tu. Kufikia saa 48, waliomiminiwa walikuwa wamekufa 10 na nusu hivi katika kila 100. Wasiomiminiwa, 7 na kidogo. Yaani katika kila 100, watatu waliondoka kwa ajili ya dawa yetu. (Mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuhara hakuwemo kwenye utafiti ule, na huyo bado anahitaji maji. Nisije nikanukuliwa vibaya.) Nilizisoma habari zile nikiwa zamu ya usiku. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za nyuma hadi adhana ya alfajiri.

Sasa mwambie mwenzako: dripu ambayo haikufunguliwa utaipigaje picha? Kibao cha klabu utakibandika wapi? Pesa za utafiti ule zilitoka baraza la utafiti wa tiba la Uingereza, si kwenye viazi karai vya mtu, lakini hali ndiyo hiyohiyo kwenu. Mnachonunua ni jibu, na pengine jibu lenyewe ni “acheni”.

Halafu hii miaka 19 inayoonekana mingi. Wenzenu wa Rotary walianza na polio Ufilipino mwaka 1979, wakaahidi kupambana nayo dunia nzima 1985, na Afrika ikatangazwa kuwa imeondokana na virusi vya polio vya mwituni tarehe 25 Agosti 2020. Hesabu mwenyewe, ni miaka 41. Hata huko Uingereza, shirika linaloitwa leo Action Medical Research lilianzishwa 1952 na Duncan Guthrie, baba ambaye bintiye aliugua polio. Hakuanza kwa kununua vitanda. Alitaka ugonjwa wenyewe ufutike.

Matone hayo ya chanjo ya polio nimeyabeba mimi. Feri ya Likoni, jua la saa saba, kikasha cha barafu kimenilowesha mapaja, na feri yenyewe imetia nanga katikati kungoja meli ipite. Ukifika ng'ambo, kabla hujamdondoshea mtoto matone yake mawili, unaitazama chupa kwanza. Ina alama ndogo kama punje ya dengu: duara la zambarau, na ndani yake kiraba kilichopauka. Chanjo ikipigwa na joto, kiraba kinakoza polepole. Kikilingana rangi na duara, chupa hiyo tupa. Alama hiyo ilianza kuwekwa kwenye chupa za polio mwaka 1996. Kabla ya hapo tuligusa barafu na kukisia. Kuna watu walihangaika maabara ili rangi ile ibadilike kwa mwendo wa joto, isiwahi na isichelewe, na wala hakuna aliyewakabidhi hundi ya boksi kubwa kama mlango. (Hundi zile huniudhi. Benki gani inazipokea?)

Lakini hata wewe, mweka hazina, una lako. Miaka 19 unapeleka pesa, na ukiulizwa swali moja unabaki mdomo wazi! Mwanachama anayeona hundi zinaondoka tu, hajui hata ugonjwa unaotafitiwa, atakosaje kusema zimeliwa? Waandikieni hao washirika wenu. Waje mtu mmoja kwenye mkutano wenu, azungumze Kiswahili, bila mabango. Aseme wanatafuta jibu la swali gani, wamefika wapi, na kipi kimewashinda. Hicho cha mwisho ndicho kipimo changu. Mtafiti wa kweli ana orodha ndefu ya mambo yaliyogoma. Mkiletewa picha za watoto wanaocheka tu, basi mwenzenu ana sababu ya kuwa na wasiwasi, nami nitaungana naye.

Vitanda navyo vinatakiwa, sikatai. Nimewalaza watoto watatu kitanda kimoja, miguu ya huyu kichwani kwa yule. Fanyeni mchango wa pili, na huyo mwenye maneno mpeni uenyekiti wake. Mtaona kama atapata muda wa kupiga picha.

SWALI: Bi Nesi, mjukuu wangu amelazwa. Wamekuja kuniomba nitie sahihi aingizwe kwenye utafiti. Jirani ananiambia hao ni mumiani wa kisasa, damu inakwenda kuuzwa. Nikikataa watamtoa wodini?
Bibi, Kisauni

JIBU: Hawamtoi, dada yangu. Kukataa ni haki yako na matibabu yake ya kawaida yanaendelea vilevile. Hata ukikubali leo, kesho unaweza kujitoa bila kueleza sababu. Ila usitie sahihi, wala dole gumba, kabla hujaelezwa kwa lugha unayoielewa, na uwe na mtu wako kando anayesikia. Waulize kama kamati ya maadili imeupitisha utafiti huo, wakuonyeshe barua. Waulize damu kiasi gani, na wasikutajie mililita, wakwambie kwa kijiko: mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Uliza pia nambari ya kupiga usiku mtoto akibadilika.

Jirani mwambie mumiani tuliyetishwa naye sisi utotoni hakuwa akija mchana na karatasi kuomba ruhusa. Mjukuu akitoka, niandikie.