Uliza Mwalimu: Kondoa, kwenda na kurudi siku moja

*Shikamoo Mwalimu. Nilihamia Dodoma na wizara, naishi Ilazo na mume wangu na watoto wawili, mmoja darasa la tatu, mwingine la sita. Mama mkwe amekuja kutoka Tanga kututembelea na Jumamosi tunataka kumtoa. Bustani ya Chinangali watoto wameshaichoka. Tunataka mji mdogo wenye cha kuangalia, turudi siku hiyohiyo. Mume wangu anasema Kondoa, mimi naona ni mbali. Gari letu ni IST, dogo la chini. Tuamulie.*
*Mama Wawili, Ilazo*

Marahaba, mwanangu. Mumeo ameshinda, ila sharti mtoke mapema. Wengi huondoka Dodoma saa mbili au tatu, wakafika Kondoa jua liko utosini, wakala wakashiba, ndipo wakakumbuka kwamba michoro ya mapangoni haiko mjini, iko Kolo. Nyinyi geuzeni. Mjini mpitilize asubuhi, mwanze na Kolo, Kondoa muirudie kwa chakula cha mchana.

Kondoa ni kama kilomita 160 kutoka Dodoma, na Kolo ni zaidi ya ishirini mbele yake, barabara hiyohiyo ya Babati, lami mwanzo mwisho. Nilipokuwa nafundisha huko, masika safari hiyo ungeweza kuilalia njiani. Siku hizi kinachochelewesha ni vibao vya hamsini kila kijiji, Makutupora, Mayamaya, Haneti, na askari wenye tochi za kupima mwendo. Mwambie mumeo asibishane na vibao. Mkitoka saa kumi na mbili kamili, saa tatu au tatu na nusu mko Kolo.

Pale Kolo kuna ofisi ya michoro, kando ya barabara. Lipeni kiingilio, mpewe mtu wa kuwaongoza, na IST muiache hapohapo. Njia ya kwenda kilima cha Mungomi ni ya vumbi na mchanga wa mito, kisha mnapanda kwa miguu. Ulizeni ofisini usafiri wa gari la juu, au pikipiki.

Michoro hiyo iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliinakili mwaka 1951, akipandisha karatasi zake miamba hiyohiyo. Ile ya zamani ni myekundu: twiga, tembo, pofu, na watu wembamba warefu wenye vichwa vya ajabu. Ile myeupe ni ya baadaye, ya wakulima. Wataalamu wengi huwahusisha wachoraji wa mwanzo na wawindaji walio jamaa na Wasandawe, ambao mpaka leo wako wilaya jirani ya Chemba, na lugha yao ina sauti za kualisha ulimi. Mwambie wa darasa la sita atafute picha ya mtu wa katikati anayevutwa mikono huku na huku. Wapo wanaosema ni mwanamke anatekwa, wapo wanaosema ni ngoma. Waache wabishane, ndiyo raha yenyewe.

Kitu kimoja msikubali: mtu kumwagia maji mwambani ili picha ya simu itoke vizuri. Maji yanaiharibu rangi. Na mkikuta dalili za tambiko, msiguse. Mungomi hadi leo kuna watu wanaopanda kuomba mvua na uponyaji.

Sasa mama mkwe. Kama magoti hayamruhusu, usimwambie mbele za watu abaki. Mpe hiari: kupanda taratibu, au kukaa kivulini pale ofisini na mjukuu mdogo aone vilivyowekwa ndani. Ila usimshushe Kondoa mjini asubuhi mkamfuata mchana. Atalisimulia Tanga hilo.

Mkirudi, angalieni makorongo mekundu kandokando. Ardhi ya hapa ilimong'onyoka mpaka Serikali ikaanzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikahamishwa yote kutoka eneo lililoharibika zaidi. Wazee wa Kirangi bado wanalisimulia kwa uchungu, maana ng'ombe ni ng'ombe, lakini miti ilirudi.

Kondoa mjini tembeeni kwa miguu. Kwa mtu wa Dodoma, starehe yake ni maji: kuna chemchemi kubwa ndiyo inayonywesha mji, na ukijani wake unausikia hata puani. Kuleni pilau kwenye mgahawa wowote wenye foleni, mama wa Tanga hatajihisi mgeni. Vita Kuu ya Kwanza ilipita hapa. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza na ya Wajerumani wa kamanda von Lettow-Vorbeck yalipigana hapa. Mjini nunueni asali na mafuta ya alizeti, ondokeni saa kumi, usiku msiendeshe.

*Mwalimu, nasoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, na hela yangu ni ya nauli ya Coaster tu. Kondoa siifikii. Kuna karibu zaidi?*
*Mwanafunzi*

Kongwa, mwanangu. Haifiki kilomita mia. Huko Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga mwaka 1947, wakauacha 1951: mvua haikutosha, na udongo ukikauka unakuwa mgumu hadi trekta zinashindwa. Miaka ya 1960 Tanzania ikapafanya kambi ya wapigania uhuru, FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengine. Samora Machel, baadaye rais wa kwanza wa Msumbiji, alipita hapo. Yapo makaburi ya wapiganaji ambao hawakurudi kwao. Mji wenyewe umetulia, usitegemee vivutio vya kupiga picha. Nenda ukiwa umesoma kidogo kwanza, la sivyo utaona mabati na mibuyu tu.

Panda gari la barabara ya Morogoro, ushuke Mbande, hapo uchukue la Kongwa. Ukifika mwambie bodaboda unataka kambi ya wapigania uhuru, na mpatane nauli ya kwenda na kurudi kabla hujakaa.