Kukesha Kariakoo au kufunga mapema: jibu kwa mwenye duka la vipodozi

Mkuu, umeuliza kama nawe ukeshe dukani, maana tangu 2025 Kariakoo ilipozinduliwa kuwa ya saa 24 majirani zako hawafungi, na unajiona unaachwa. Umesema pia watoto wanakuona Jumapili tu. Mimi nauza nguo za watoto mtaa wa Narung'ombe, hapo hapo Kariakoo, jumla na rejareja. Nafunga saa 11 jioni, na Jumapili sifungui kabisa.

Sikuambii pesa si kitu. Wanaosema hivyo mara nyingi wanazo tayari. Ada ya Januari haina huruma. Ila kabla hujaamua, shika daftari uandike mauzo kwa saa, siyo kwa siku. Kwangu pesa ya maana huingia asubuhi hadi alasiri: watu wa mikoani, Wakongo, Wazambia, wanafunga mizigo mapema wawahi kupakia. Jioni anaingia mpita njia, anashika gauni, anauliza bei, "nakuja". Barabara saa hizo ni ya machinga, na bei zao huziwezi. Toa umeme, toa chakula cha kijana wa duka na bodaboda ya kumfikisha Mbagala, uone kinachobaki. (Msimu ni habari nyingine. Kumi la mwisho la Ramadhani na kuelekea Krismasi nakesha kama wenzangu, wala sinung'uniki.)

Halafu tuambizane ukweli: wengi wanaokesha pale hawamsubiri mteja, wanasaka rejesho la mkopo. Ukishachukua kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, utafungaje mapema na kesho kutwa wakopeshaji wanakuja? Ndiyo maana nilimaliza deni kwanza, kisha nikapunguza saa. Sasa nachukua mzigo kidogo kidogo kwa hela yangu, hata jirani akishusha kontena kutoka Guangzhou. Faida imepungua, sikufichi.

Jioni utanikuta kijiweni Magomeni, kahawa chungu na kashata, bao katikati. Kuna mzee pale ni fundi hasa. Wewe unahesabu kete kwa kidole, yeye keshayasoma mashimo yote 32. Anakuachia unamue, yaani uingize kete mpya ubaoni, ukidhani umepata, kisha anaila nyumba yako, lile shimo lenye kete nyingi, na kuzisambaza kete zako mojamoja upande wake, huku akiagiza kikombe kingine. Sijawahi kumfunga, na siku nikimfunga nadhani nitakosa raha. Kabla ya saa 2 usiku nipo nyumbani, na binti yangu hapeleki tena hesabu zake kwa jirani.

Kama huna deni, jaribu kufunga mapema mwezi mzima, msimu usiwepo, kisha linganisha daftari. Kama unalo, usimwachie kijana funguo usiku ili wewe ukalale; vipodozi ni vidogo, vinaingia mfukoni. Na hilo hukuligusa kwenye maelezo yako marefu: una rejesho la kiasi gani kwa wiki?